Nilivyomzima Bibi

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema kuliko zote tangu niajiriwe. Mkurugenzi ametuita ofisini kwake, mimi na Bwana Keki wa idara ya mauzo, akatuambia kiwanda kinatafuta Mkuu wa Takwimu. Mmoja wetu atapewa cheo hicho Jumatatu ya tarehe 17, mbele ya bodi. Atakayezifanya ripoti za kiwanda kuwa za kisasa ndiye atakayekipata. Mimi ni mhandisi wa data, kazi hii nimeisomea. Keki amesomea kujichekesha.

Keki si jina lake. Tunamwita hivyo kwa sababu kila hesabu huichora duara na kuikata vipande vya rangi. Siku moja nilimuuliza chakula cha mchana kilikuwaje. Akanichorea.

Kikwazo changu ni kimoja tu: Bibi. Bibi ni kompyuta kuukuu iliyowekwa katika chumba cha chini ya ngazi. Yeye ndiye anayetoa ripoti zote za kiwanda hiki cha viatu na kuzituma kwa watu. Ripoti ya ngozi. Ya soli. Ya namba za miguu. Ya viatu vilivyorudishwa na wateja kwa kuwa vyote viwili ni vya kushoto. Kuzihamishia zote kwenye mfumo mpya ni kazi ya mwaka mzima. Mimi nina wiki mbili.

Aliyemfundisha Bibi kazi ni baba yangu. Alikuwa karani wa takwimu hapa hadi alipostaafu. Shule zikifungwa alinileta kazini, akaniketisha juu ya katoni ya karatasi, nami nikashinda pale nikiisikiliza printa ikinguruma. Karatasi zilikuwa pana, zenye mistari ya kijani na matundu pembeni. Madaftari yangu yote yalijaladiwa kwa ripoti za viatu. Mwalimu wa hesabu alikuwa akisoma kwanza jalada langu, kisha ndipo ananisahihishia.

Leo nimeingia chumba kile baada ya muda mrefu. Harufu ni ileile, vumbi lililopata moto na gundi ya soli. Nikasimama kidogo. Kisha nikakikumbuka cheo.

Mpango ukanijia palepale. Zima, nyamaza, sikiliza. Ndivyo wafanyavyo mabingwa wa kazi yetu. Unaizima ripoti kimyakimya. Anayeihitaji atapiga kelele, nawe utamhamishia yake. Asiyepiga kelele hakuihitaji. Kazi ya mwaka inakwisha kwa siku chache, na mimi nakaa kwenye kiti kinachozunguka.

Jumatano, 5 Machi

Jana asubuhi nilizima zote. Nilibonyeza kwa kidole kimoja huku nimefumba macho.

Leo nimezunguka kiwanda kizima nimetega masikio. Ghalani, kimya. Kwenye ngozi, kimya. Uhasibu walikuwa wakigombana, moyo ukaruka, kumbe wanagombania feni. Hakuna aliyeuliza chochote. Nikamuuliza bwana wa ghala kama kuna kitu anakikosa wiki hii. Alifikiri sana. Akasema mwavuli wake.

Kwa hiyo miaka yote hii Bibi alikuwa akizungumza peke yake, maskini. Nimefurahi. Ila, kusema kweli, ningependa japo mtu mmoja angeuliza.

Na leo nimempiga Keki chenga ya mwaka. Nimegundua humtumia shemeji yake chati za mauzo, ili asifiwe ukweni. Nikaandika waraka: takwimu za kiwanda zisivuke geti, na yeyote atakayezitoa nje hatafikiriwa kwa cheo chochote. Mkurugenzi akautia sahihi, akaubandika ubaoni. Keki aliusoma mara mbili akimeza mate. Wali wa mchana umeshuka vizuri.

Jumatatu, 10 Machi

Kelele zimepigwa. Nyumbani kwetu.

Naishi na wazazi, chumba cha uani. Jumatatu mimi hutoka mapema kabla hawajaamka. Leo nimechelewa kwa sababu shati lilikuwa bichi. Ndipo nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona. Baba amenyoa ndevu. Amevaa shati la kazini, lile la mikono mirefu, limepigwa pasi. Ameketi mezani, miwani puani, kalamu nyekundu mkononi, simu mbele yake. Anasubiri.

Mama ndiye aliyenieleza, tukiwa jikoni. Tangu Baba astaafu, Bibi hajaacha kumtumia Ripoti ya Jumatatu. Hakuna aliyekumbuka kulifuta jina lake. Basi kila wiki anaipokea, anakwenda stesheneri ya kona kuichapa, anarudi kuipitia mstari kwa mstari akitia alama za vema. Kisha anapigiwa simu na Kapteni, rafiki yake wa zamani aliyekuwa mkuu wa chumba cha kukatia ngozi na mikanda, mzee wa kofia. Wanabishana juu ya namba arobaini na mbili hadi chai inapoa. Mama akaniuliza mimi nilidhani Jumatatu mzee huyu hufanya nini. Nilidhani anasoma gazeti.

Leo simu ilikaa kimya. Baba akaizima, akaiwasha. Akatoka nayo uani, akainyoosha juu. Akaniuliza kama kiwanda kimefungwa. Nikasema hapana. Akaniuliza, kwa sauti ya chini zaidi, kama Bibi ameharibika. Nikasema ni mtandao.

Kapteni akapiga saa yake ileile. Wakasalimiana. Wakaulizana wagonjwa, wakaulizana wajukuu. Basi, maneno yakawaishia. Nilikuwa mlangoni nafunga viatu, nikawasikia wanavyonyamaza, wazee wawili, kila mmoja na simu yake sikioni, hakuna anayetaka kukata wala mwenye la kusema. Mwishowe Baba akasema si neno, tutaongea wiki ijayo. Akavua miwani. Akaifunika kalamu.

Roho imeniuma. Sijui kwa nini. Najua kwa nini.

Kuirudisha ripoti yake siwezi. Baba yuko nje ya geti, na waraka uko ubaoni. Nitamwaga unga kwa kalamu yangu mwenyewe.

Jumanne, 11 Machi

Nimepata! Waraka unakataza takwimu za kiwanda. Za zamani si takwimu, ni historia.

Nimejifungia na Bibi asubuhi nzima. Hajatupa kitu. Wiki zote zimo tumboni mwake, tangu enzi za printa. Nikachagua wiki moja ya mwaka niliokuwa darasa la tatu, ili nibadilishe tarehe tu ya juu na kumtumia Baba. Nia ilikuwa dakika chache.

Mstari wa nne nikakutana na Kipepeo.

Zilikuwa sandali za plastiki, zenye kipepeo kwenye bizimu. Mtaa mzima tulizivaa. Jua likiwaka zinanata mguuni, mvua ikinyesha zinalia kila hatua, ukicheza kujificha zinakusaliti. Mkanda ukikatika, kisu kinatiwa motoni na plastiki inaungwa, na nyumba nzima inanuka hadi jioni. Zangu zilikuwa rangi ya machungwa. Usiku wa kwanza nililala nazo kitandani, Mama akazitoa, nikaamka nikazirudisha. Kiwanda kiliacha kuzitengeneza zamani. Nilikuwa nimezisahau kabisa.

Nikakaa sakafuni nikasoma ripoti yote. Machungwa, bluu, nyekundu, namba kwa namba. Duka la Darajani limeuza kuliko maduka yote. Nilikuwa nikitumwa pale kuzibadilisha zikinibana. Mama wa usafi akafungua mlango akaniuliza kama nimeanguka.

Nimebadilisha tarehe. Nimemtumia Baba kwa simu yangu, na maneno kwamba mtandao ndio uliochelewesha. Mama amenipigia kusema mzee ametoka kwenda stesheneri bila hata kufunga vifungo vya mikono.

Mimi ni mtoto mwema, na cheo bado kipo. Mambo yote mawili kwa mkono mmoja!

Jumatano, 12 Machi

Baba ameamka anaimba. Kaniambia habari kubwa. Kipepeo zimerudi sokoni. Na Duka la Darajani limefunguliwa tena, tena linaongoza. Kwa nini sikumwambia, na mimi niko pale pale ndani?

Nilisahau kwamba yeye husoma.

Nikasema eeh. Nikasema ilikuwa siri kidogo. Akanipiga begani, akasema hapo mmefanya la maana, viatu vya siku hizi havina hata sauti. Akampigia Kapteni. Walibishana saa nzima, Mama akapasha chai mara mbili. Nimekwenda kazini nimejaa furaha, na hofu kidogo upande mmoja.

Ijumaa, 14 Machi

Hofu imehamia pande zote.

Kapteni amewaambia wastaafu wenzake. Wastaafu wamewaambia wake zao. Tangu jana duka letu la getini limejaa wazee wanaotaka Kipepeo za wajukuu. Dada muuzaji anawaambia hazipo, nao wanamwambia wana habari za uhakika kutoka ndani. Kapteni mwenyewe alikuja na kofia yake, akamwambia binti asifiche mali chini ya meza, yeye amefanya kazi hapa kabla binti hajazaliwa.

Muuzaji akapeleka malalamiko idara ya mauzo. Idara ya mauzo ni Keki. Mchana alikuwa ameshabandika duara ukutani. Lote rangi ya machungwa. Hajalikata hata kipande kimoja. Kawaambia watu kwamba kwa utafiti wa kina amegundua kiu kubwa ya Kipepeo miongoni mwa wateja wenye umri.

Mkurugenzi alisimama mbele ya duara lile kitambo kirefu. Nilitaka kumwambia kiu hiyo nimeitengeneza mimi, kwa kubadilisha tarehe moja. Ila angeuliza nilimtumia nani. Nikauma meno. Nikalisifia duara. Keki akanishukuru kwa mkono wa majimaji.

Nimejituliza kwa kazi. Skrini yangu ya bodi iko tayari. Ina mishale inayopanda na kushuka yenyewe. Hakuna atakayekumbuka madaraja wala vipepeo akiiona.

Jumapili, 16 Machi

Baba amevaa kofia baada ya chai, akasema anakwenda kunyoosha miguu. Amerudi adhuhuri, viatu vyeupe kwa vumbi. Alikwenda hadi darajani kuliona duka.

Pale sasa panauzwa vioo vya madirisha. Kijana wa vioo hajawahi kusikia kwamba paliuzwa viatu.

Amekaa kwenye kizingiti, hakutaka maji. Akasema Bibi hajawahi kusema uongo. Miaka yote ile hajawahi kuweka duka mahali ambapo hakuna duka. Kama sasa anakosea, basi kosa limo katika alichomfundisha yeye. Au limo kichwani mwake, maana ameitia alama ya vema kila mstari na hakuona kitu. Akaniomba kesho nikifika kazini nimzime. Akasema ni heri azimwe kuliko kuachwa aaibike mbele za watu.

Ruhusa! Ruhusa ya mwenyewe, kwa mdomo wake. Wiki mbili naitamani. Na sikuweza kuipokea. Nilimwangalia anavyopangusa viatu kwa leso, kimoja, kisha kingine, na nikajiona mdogo kuliko yule wa darasa la tatu.

Nikamwambia yote. Cheo, kuzima, waraka, tarehe. Nilikuwa nikizungumza huku nikitazama kamba ya nguo. Nilingojea kufukuzwa nyumbani.

Aliikunja leso. Kisha akauliza ni wiki ipi.

Nikamwambia. Akarudi ndani, akaichukua ile ripoti, akaiandika tarehe yake ya kweli kwa kalamu nyekundu, akaanza kucheka. Wiki hiyo shule zilikuwa zinafunguliwa. Kapteni alikata mikanda mifupi, sandali za bluu zote zikawabana watoto, wazazi wakapanga foleni Duka la Darajani kuzibadilisha, na hesabu ikaonekana kama mauzo. Mama akatoka jikoni akasema si za bluu, nyekundu. Wakabishana. Nikajifunza kwamba siku ya foleni ile ndiyo Baba alichelewa kurudi, na Mama akadhani ana mwanamke. Jua lilishuka hadi ukutani bado wanacheka, nami nimekaa katikati yao kama zamani.

Akaniambia kitu kingine. Za wiki hizi wala hazimvutii sana, viatu vyenyewe havijui. Yeye na Kapteni huanza na namba ya leo, wakaishia enzi hizo. Kama inawezekana, kila Jumatatu atumiwe wiki moja ya zamani. Lakini nisiguse tarehe tena. Tarehe ni tarehe.

Inawezekana sana! Nimefungua kompyuta yangu palepale mezani, nikaingia kwa Bibi kwa mtandao. Nimeiwasha ratiba ya zamani ya Bibi, nikamwagiza kila Jumatatu asubuhi atume wiki moja ya kale, aanze na ile ya foleni. Dakika tano. Kazi safi. Kesho ni bodi.

Jumatatu, 17 Machi

Ratiba ya zamani ina wapokeaji wa zamani. Wote.

Nilikuwa nimesimama mbele ya bodi. Mishale yangu inapanda, inashuka. Mwenyekiti alikuwa ameanza kuinua nyusi, nyusi za kukubali. Ndipo simu yake ikalia. Ya Mkurugenzi ikalia. Za uhasibu, za ghala, zote, moja baada ya nyingine kuzunguka meza. Bibi alikuwa ameamka.

Nikaendelea kuzungumza. Hakuna aliyekuwa akisikiliza. Vichwa vyote chini. Mwenyekiti akatoa miwani ya kusomea. Akasema, polepole, kwamba wiki hii anaikumbuka. Wakati huo alikuwa muuzaji Duka la Darajani, kijana hana hata mkanda wa suruali, na foleni ilimfikia hadi akapanda juu ya kaunta. Mkurugenzi akasema yeye wiki hiyo alikuwa msaidizi wa karani, ndiye aliyekuwa akichana zile karatasi za mistari ya kijani, na vidole vyake vilinuka wino hadi nyumbani. Mtu wa uhasibu, mtu asiyecheka hata akilipwa, akasema Kipepeo zake zilikuwa za bluu. Akaonyesha kovu kwenye kidole cha mguu. Alivua soksi mezani!

Nilisahau kuona aibu. Nilicheka nao. Kwa kitambo kidogo chumba kile kilinuka gundi ya soli.

Keki ndiye aliyeharibu. Akasimama, akaomba kusoma majina ya waliotumiwa. Akasoma yote kwa sauti. Nusu yao wamestaafu. Wengine ni marehemu. Jina la tatu ni la baba yangu. Kisha akatoa mfukoni waraka wangu, aliokuwa ameukunja vizuri, akausoma nao. Takwimu zisivuke geti. Hatafikiriwa kwa cheo chochote.

Nikasema ile ni historia. Mkurugenzi akaniuliza mbona waraka haukusema hivyo, na nani aliuandika.

Cheo amepewa Keki, kwa kugundua kiu ya Kipepeo. Zitatengenezwa tena kwa majaribio, za machungwa kwanza. Kisha Mwenyekiti akasema Bibi asizimwe. Anaitaka wiki moja ya zamani kila Jumatatu, na wastaafu waendelee kupata, maana siri za viatu vya wakati ule hazimdhuru mtu. Awekwe mtu wa kumtunza. Wakanitazama.

Nimepewa chumba cha chini ya ngazi. Nimepewa feni. Nimepewa kiti cha Baba.

Jumatatu, 24 Machi

Kiti kimebonyea upande wa kushoto, alikokuwa akiegemea. Wiki nzima nimekikalia nikiteleza upande huohuo. Hakizunguki.

Nyumbani Baba amemwambia kila mtu kwamba nimerithi kiti chake. Amemwambia muuza mkaa. Amemwambia kijana wa stesheneri, ambaye sasa ananiita mzee. Leo nimepewa ruhusa nifike kazini mchana, basi nimeketi naye mezani ripoti inapoingia. Alinivutia kiti karibu, akanipa kalamu nyekundu ya pili. Tulitia vema mstari kwa mstari, yeye kushoto, mimi kulia. Wiki ya leo ilikuwa ya mwezi niliovunjika mkono. Alikumbuka. Kapteni akapiga, akawekwa kwenye spika, tukabishana watatu. Sikumbuki mara ya mwisho nilipokuwa na asubuhi kama hii. Nilifurahi hadi nikaogopa.

Halafu nikamkumbuka Keki.

Ana ofisi yenye kiyoyozi. Kiti chake kinazunguka. Kila asubuhi anaituma chati yake kwa idara zote, na Ijumaa amenitumia moja inayoonyesha kazi yangu kama kipande chembamba cha kijivu. Nikamweleza Baba. Nikamwambia nina hakika hakuna anayezisoma chati zile. Na chati zote, zitake zisitake, bado zinapitia kwa Bibi. Nikamweleza mpango wangu. Jumatatu ijayo nitaamka mapema. Nitazima zote, kwa kidole kimoja. Nitanyamaza. Nitasikiliza.

Baba akaacha kutia vema. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa shati. Nikajua nitakaripiwa, na nilistahili.

Akasema kamwe isiwe Jumatatu. Jumatatu watu huwa macho, wanataka kuonekana wanafanya kazi. Yeye enzi zake alizima Jumanne.

Kesho ni Jumanne.